Rangi Nyekundu Kwenye Klachi

Mbuvi aliamka na hasira, na haikuwa hasira ya siku hiyo. Ilikuwa ya mwaka juzi. Ilikuwa imelala naye kitanda kimoja tangu mkewe Wanza azikwe, na Jumamosi hiyo iliamka kabla yake, ikamngoja avae viatu. Alikunywa chai ya rangi akiwa wima, akafunga mlango wa chumba chake pale Kianda, akashika njia kwa miguu kwenda Kawangware. Waliomsalimia njiani aliwajibu kwa kidevu.

Lori lake lilikuwa Kawangware, katika kiwanja cha mafundi nyuma ya soko, na halikuwa na injini. Lilikuwa Bedford la zamani, lile la pua ndefu, lenye namba ya enzi zile ambazo hakukuwa na herufi nyuma ya tarakimu. Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi ya manjano, kuliandikwa MAMA MUTHEU. Hivyo ndivyo watu walivyomwita Wanza, kwa ajili ya binti yao Mutheu, na hivyo ndivyo walivyoliita lori. Ukisikia mtu anasema Mama Mutheu amepita hapa na vumbi lake, ilibidi uulize ni yupi. Lori lilibeba mchanga na mawe ya Machakos miaka na miaka, na kuna majumba mengi Nairobi hii ambayo yalipanda mgongoni mwake kabla ya kusimama.

Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Ng'ang'a, msimamizi wa pale, aliwapitia mafundi mmoja mmoja na kuwaambia wahame. Wengi walihama na vyuma vyao. Mbuvi alibaki, kwa kuwa lori halibebwi begani.

"Kitakachobaki hapa Jumamosi saa sita ni chuma chakavu," Ng'ang'a alimwambia. "Sina ubaya na wewe, mzee. Mwenye ploti mpya anataka ploti. Hataki makumbusho."

Hilo neno makumbusho lilimkaa Mbuvi kooni wiki nzima.

Kuvutwa lisingeweza. Njia ya kutokea ilikuwa kilima kifupi cha udongo mwekundu, kimebanwa na ghorofa mpya upande mmoja na vibanda vya mboga upande wa pili, na gari la kuvuta magari halikupata pa kugeukia. Walishajaribu kulisukuma. Lilipanda nusu, likateleza, likarudi kinyumenyume na kubomoa choo cha mafundi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: Mama Mutheu angetoka kwa nguvu zake mwenyewe kabla ya saa sita, ama angetoka vipande vipande juu ya pikapu za watu wa skrepa.

Injini yenyewe ilikuwa tayari. Mbuvi na rafiki yake Mutunga, fundi wa kuchomelea milango kule Makina, walikuwa wameijenga upya katika kibanda cha Mutunga, kipande kwa kipande, nyuma ya mageti ya wateja. Asubuhi hiyo ilikuwa imetangulia kwa mkokoteni.

Mbuvi alipoingia kiwanjani alikuta mabomba matatu ya chuma yamesimamishwa juu ya pua ya lori, yamefungwa pamoja kileleni, na cheni ya kunyanyulia imening'inia katikati. Mutunga alikuwa anaikagua. Benard, kijana wa mkokoteni, alikuwa na wenzake wawili wanaivua injini gunia. Watu wawili wa skrepa walikuwa wamekalia mtungi wao wa gesi ya kukatia chuma, wanakula mandazi. Na kando ya gurudumu la mbele, juu ya tairi kuukuu, alikuwa amekaa Osewe, gunia dogo miguuni pake.

Mbuvi alisimama.

"Nani amemwita huyu?"

Mutunga aliendelea kuitazama cheni kana kwamba imeandikwa kitu.

"Mutunga. Nimeuliza."

"Hakuna mtu amemwita. Amepita tu."

"Anatoka Kisumu Ndogo mpaka Kawangware, anapita tu."

"Barabara ni ya serikali," Osewe alisema, akiwa anatazama kucha zake.

Zamani hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Mbuvi alishika usukani, Osewe alishika spana. Lori likifa Athi River usiku au mchana, Osewe aliingia chini na Mbuvi akashika tochi, na Wanza, aliyependa kusafiri nao, alikaa kiti cha kushoto na chupa yake ya chai akiwauliza kama wameamua kuhamia hapo. Wanza alikuwa na maneno yake. Alipoanza kuugua alisema, "Nikifa msinipeleke kwetu Mutito na lile gari la vioo, watu wananitazama kama keki. Nipakieni kwa Mama Mutheu mwenzangu."

Alipokufa, Osewe alisema lori haliendi Mutito, huko Kitui. Alisema krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inalia, itakatika njiani. Mbuvi alimrushia spana. Kesho yake asubuhi, waombolezaji wakiwa wamejaa, Mbuvi alipiga stata na stata ikazunguka bure. Alifungua boneti. Mabomba ya dizeli hayakuwepo. Osewe alikuwa ameyafungua jioni, akayatia kwenye gunia, akaenda nayo kwake. Wanza alisafiri kwa gari la vioo. Watu walimtazama kama keki.

Tangu hapo hawakuongea. Na kilichozidisha moto ni kwamba Mbuvi na Mutunga walipofungua injini mwaka huu, walikuta krenki ina ufa unaoweza kuingiza ukucha. Mutunga aliuona, akaenda kununua sigara ingawa havuti. Mbuvi aliutazama ule ufa muda mrefu. Mtu akikukosea unajua pa kumweka. Lakini mtu aliyekukosea halafu ukakuta alikuwa anasema kweli, unamweka wapi?

"Tuanze," Mbuvi alisema. "Jua halitungoji."

Benard alimsogelea. "Sasa mzee, betri nimekuletea, ile ya kanisa. Ya spika. Lakini Immaculate wa kwaya amesema akikosa hiyo betri kwa mazoezi ya saa tisa, atanimaliza. Nimemwambia niko na mzee wa heshima."

"Atakuwa nayo."

"Poa. Juu huyo mama hachezi."

Walifunga mnyororo kwenye injini. Mutunga alianza kuvuta cheni ya juu, nayo ikalia kra-kra-kra, na injini ikanyanyuka kutoka kwenye mkokoteni ikiwa imepakwa rangi ya kijani na Mutunga, kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Osewe aliinuka kwenye tairi. Aliizunguka ikiwa hewani, akainama kutazama nyuma yake, lakini klachi ilikuwa imeshafunikwa na bamba lake.

"Mutunga," alisema, "muulize mwenye lori. Ile alama nyekundu kwenye sahani ya klachi, iko wapi?"

Mbuvi aligeuka polepole.

"Mutunga, muulize huyo amejuaje kuna alama nyekundu kwenye klachi yangu."

Mutunga aliacha cheni. Jasho lilimtoka, na halikuwa la kazi.

"Ile sahani ilikuwa imekwisha, Mbuvi. Ulinipa nitafute mtu wa kuipigilia ngozi mpya. Saizi ile hakuna anayeijua tena. Nimezunguka Gikomba, nimezunguka Grogan, wananicheka. Ningeipeleka kwa nani?"

"Ukaipeleka kwake."

"Nikaipeleka kwa anayejua."

"Kumbe nimekaa na kitu cha mkono wake siku zote hizi ndani ya injini yangu, na wewe unaniangalia unakunywa uji wangu."

"Uji ulikuwa mzuri," Mutunga alisema kwa unyonge.

Mmoja wa watu wa skrepa alicheka na mandazi mdomoni. Mbuvi alimtazama mpaka akameza.

Klachi ya lori kama lile ni sahani moja tu, imebanwa kati ya injini na gia, lakini ina uso na mgongo. Ukiiweka kinyume haikwambii. Itakubali boliti zote, itakubali kila kitu, mpaka ile saa utakayoikanyaga uiambie iachie. Miaka yote Mbuvi na Osewe walipokuwa pamoja, klachi ilikuwa kazi ya Osewe, na Mbuvi hakuwahi kuitia mkono. Safari hii aliiweka mwenyewe, peke yake, akiwa amefunga mlango wa kibanda cha Mutunga.

"Mutunga, mwambie nimeuliza swali," Osewe alisema.

"Mwambie alama iko pale alama inapokaa."

Osewe aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Na hapo ndipo kazi ilipoharibika, ingawa hakuna aliyejua.

Kuingiza injini kwenye lori la pua ndefu si kazi ya nguvu, ni kazi ya subira, na subira ndiyo iliyokosekana. Mutunga alishusha cheni. Benard na wenzake walishika pembeni. Ile shafti inayotoka kwenye gia ilipaswa kuingia katikati ya klachi kama kidole kwenye pete, nayo ikakataa. Waliinua, wakashusha. Mguu mmoja wa mabomba ulianza kuzama kwenye matope, injini ikayumba, na mmoja wa wenzake Benard akaruka nyuma.

"Shika hapo!" Mbuvi alifoka. "Unakimbia nini, hii ni injini, si ng'ombe."

"Mzee, ng'ombe ikinikanyaga napona."

Waliutia mguu wa bomba jiwe. Walijaribu tena. Ikakataa tena. Ng'ang'a alikuja, akasimama na mikono nyuma, akatazama simu yake, akaondoka, na hilo likamuuma Mbuvi kuliko tusi. Alisukuma injini kwa bega lake, kwa uzito wake wote, akiipigia kelele kwa Kikamba. Haikusogea.

Kisha sauti ikatoka chini ya lori. "Mutunga, shusha kidogo. Kidogo nimesema, si unashusha jeneza."

Osewe alikuwa amelala chali kwenye matope, ameshika gia kwa mikono miwili kutoka chini. Hakuna aliyemwona akiingia. Shati lake jeupe, la kwenda nalo kanisani, lilikuwa limekwisha.

"Mwambie atoke chini ya lori langu," Mbuvi alisema.

"Atoke halafu nani aingie?" Mutunga aliuliza. "Mimi na hili tumbo?"

Mbuvi alisonya. Alishika pua ya injini.

"Simama," sauti ikasema. "Benard, zungusha puli ya mbele. Mwanangu, zungusha, usiipapase. Hapo. Mutunga, nusu kidole. Sasa mwambie mwenye lori asukume. Taratibu."

Mbuvi alisukuma taratibu. Ikalia *tuk*, sauti fupi, nzito, na injini ikaingia nyumbani kwake kama haikuwahi kutoka. Benard na wenzake wakapiga makofi. Mbuvi alisimama amekunja ngumi. Ilikuwa imeingia, na alikuwa anataka kulia, na alikasirika kwamba kitu hicho kilifanywa na mikono ile.

Boliti zilifungwa, zote, kila mtu na spana yake. Osewe alifunga za chini, Mbuvi za juu, na mara moja mikono yao ilikutana kwenye boliti moja, wakaiacha wote wawili, Mutunga akaja kuifunga. Radieta ikarudi. Maji yakatiwa. Mabomba ya dizeli, Osewe aliyatoa kwenye gunia. Yaleyale. Alikuwa ameyahifadhi, ameyapaka mafuta, ameyafunga midomo kwa vitambaa yasiingie vumbi. Aliyaweka juu ya matope mbele ya Mbuvi, akaenda kando. Mbuvi aliyatazama. Alikuwa amekuja na mengine, ya kuungaunga, yaliyochongwa na Mutunga. Alisimama hapo mpaka Mutunga akasema, "Mbuvi, saa." Akayaokota yale ya kwenye gunia akayafunga.

Jua lilikuwa limeshakaribia utosi. Watu wa skrepa walikuwa wamemaliza kula, wanaunganisha mpira wa gesi.

Mbuvi alipanda. Kiti kililia kama kilivyolia siku zote. Hakutazama kushoto, kwenye kile kiti kingine chenye kitambaa cha kufuma alichokiweka Wanza mwenyewe. Alipiga stata. Betri ya kanisa ikaguna, injini ikazunguka, ikakohoa, ikakaa kimya. Osewe alilegeza boliti ya bomba moja, akatoa hewa, akafunga. Mbuvi akapiga tena.

Ikawaka. Moshi mweusi ulitoka, kisha wa kijivu, kisha haukuonekana tena, na kiwanja chote kikaanza kutetemeka kwa ile sauti ya zamani. Mama wa mboga kule juu kwenye vibanda alitoka kutazama. Mutunga alivua kofia. Hata mmoja wa watu wa skrepa alisema, "Aki hii kitu ni moto."

Mbuvi alikanyaga klachi, akashika gia.

Gia ilipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Akaachia, akakanyaga tena mpaka sakafuni, akajaribu tena. Kelele ileile. Alijaribu ya pili, ya tatu, ya kurudi nyuma. Hakuna iliyokubali. Klachi ilikuwa haiachii.

Osewe alikuwa ameshafika mlangoni. Alisahau kupitia kwa Mutunga.

"Alama iko wapi?"

"Nimekwambia iko mahali pake!"

"Mahali pake ni wapi? Ulipomaliza kuifunga, ulikuwa unaiona?"

"Naiona vizuri kabisa. Ndiyo maana ya alama. Nilifundishwa na Mhindi kule Machakos, rangi unatia upande utakaouona ukimaliza. Ukiiona, umefanya vizuri."

Osewe alishika kichwa kwa mikono yake ya matope. "Mimi nilifundishwa karakana ya meli, Kisumu. Rangi inatiwa upande unaoingia gizani. Ukiendelea kuiona, hujamaliza."

Injini iliendelea kunguruma katikati yao.

"Umeiweka kinyume," Osewe alisema.

"Wewe ndiye uliyeitia rangi kinyume."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize wewe? Wewe?" Mbuvi alizima injini kwa hasira. Akashuka. "Wewe uliyeiba mabomba ya lori langu mke wangu akiwa ndani ya sanduku? Nikuulize nini? Nikuulize kama Wanza alipendeza kwenye vile vioo?"

Watu wa skrepa waliacha mpira wao. Mutunga alisema, "Mbuvi, wacha."

"Sema yote," Osewe alisema. "Sema. Mimi nilijua utasema siku moja. Watu wengi sana wangepanda nyuma ya lori, na akina mama wa kwaya, na mtoto wako Mutheu na mimba yake. Krenki ingekatika kwenye mteremko. Ungezika wangapi?"

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ulinirushia spana."

"Ungeniambia tena!"

Osewe alijifuta matope ya mikono kwenye suruali.

Ng'ang'a alikuwa amesimama nyuma yao. Alingoja kidogo, kwa heshima ya kifo, kisha akasema kwa upole ule wake wa kukera, "Wazee, nimesikia imenguruma, na ni vizuri. Lakini mimi niliambiwa ipite geti. Saa sita imefika."

"Tupe mpaka jioni," Mutunga alisema. "Tunaitoa tena, tunageuza sahani, tunarudisha."

"Jioni mwenyewe atakuwa hapa na ukuta wake wa mabati. Pole."

Mtu wa skrepa akasimama, akapapasa kiberiti.

Mbuvi alimtazama. Alitazama kiberiti. Kisha akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akapanda tena ndani ya lori akiufunga mlango kwa nguvu hadi vioo vikalia.

"Haiachii," alisema. "Vizuri. Basi isiachie."

Aliitia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, nayo ikaingia bila shida.

Mutunga alielewa mara moja. "Wee. Ukipiga stata ikiwa kwa gia, itaruka. Na ikishawaka hutaweza kuisimamisha. Ukisimama tu, imezima."

"Nani amesema nataka kusimama?"

"Mzee," Benard alisema, "betri ya kanisa."

"Betri ya kanisa itafanya kazi ya Mungu. Chukua mkokoteni wako, panda juu mpaka lami, uulalishe katikati ya barabara. Magari yasimame yote. Kimbia."

Benard alitazamana na wenzake, kisha wakaukamata mkokoteni na kukimbia nao kilima kizima, miguu ikiteleza.

Mbuvi alipiga stata. Lori liliruka mbele kama limepigwa teke, likagonga pipa, likafa. Betri ilikuwa imeguna vibaya.

"Mbao!" Osewe alifoka. "Gurudumu la nyuma limekaa kwenye shimo, litawezaje?" Alikuwa ameshavuta mbao za choo kilichobomolewa, anaziingiza chini ya tairi, Mutunga upande wa pili. "Iwashe sasa. Usiilishe dizeli nyingi. Ikishika, mpe."

Mbuvi alipiga. Lori liliruka, likaruka tena, likakohoa, likaruka mara ya tatu na likawaka papo hapo, na kabla hajapumua lilikuwa linakwenda. Mbao za choo zilipasuka. Mtu wa skrepa aliokoa mtungi wake kwa kuukumbatia. Ng'ang'a aliruka kando ya geti, na simu yake ikaanguka kwenye matope, na Mbuvi aliona hilo kwenye kioo cha pembeni na likampa nguvu.

Kilima kilikuja. Lori lilikipanda polepole, likitupa udongo nyuma, likiyumba kuelekea kwenye ghorofa.

"Kulia, kulia, una nafasi ya kiganja!"

Osewe alikuwa amedandia kikanyagio cha mlango wa kushoto, ameshika kioo cha pembeni, mwili wote nje. Mama wa mboga alinyakua beseni la sukuma wiki. Juu kwenye barabara ya Naivasha mkokoteni wa Benard ulikuwa umelala katikati ya lami, honi zinalia pande zote mbili, makanga wa matatu wanamtukana yeye na ukoo wake, na Benard ameinua mikono juu kama askari wa trafiki aliyejiajiri. Mama Mutheu alitoka kwenye matope, akakata kona, akashika lami.

"Asante, mwanangu!" Osewe alipiga kelele. "Mwambie Immaculate aje Kianda kuchukua betri!"

"Mtaniua, nyinyi wazee!"

Sasa walikuwa kwenye gia ya kwanza, injini inalia, na magari nyuma yao ni msururu. Mbuvi alishika rungu la gia. Bila klachi, gia hubadilishwa kwa sikio tu. Unaiacha injini ishuke mpaka sauti yake ikutane na sauti ya magurudumu, na hapo katikati kuna nafasi ndogo kama tundu la sindano. Sikio la Mbuvi lilikuwa limezeeka. Alijaribu, ikapiga kelele.

"Bado," Osewe alisema kupitia dirishani. "Ngoja. Ngoja... sasa."

Ikaingia.

Wakafika barabara ya Ngong. Hapo taa zilikuwa nyekundu na hawakuweza kusimama. Osewe alivua shati lake lile la matope, akalipunga akiwa kifua wazi, akipiga kelele "Breki hakuna, breki hakuna," ingawa breki zilikuwepo. Watu walitawanyika. Walipita.

"Ingia ndani," Mbuvi alisema. "Utaanguka niitwe muuaji."

"Niko sawa hapa."

"Kiti kiko wazi."

Osewe alitazama ndani, kwenye kile kitambaa cha kufuma, akatazama mbele tena. "Najua kiti ni cha nani," alisema. "Niko sawa hapa. Inataka ya tatu. Ngoja... sasa."

Walipita Adams. Walipita Toi, wauza mitumba wakivuta magunia yao kando, mmoja akipiga kelele, "Mzee, hii gari ulichimba wapi?" Walishuka Makina, mbele ya msikiti, watu wakitoka kwenye swala wakasimama kutazama jina kwenye kioo. Mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Mama Mutheu," kama anamsalimia mtu. Mbuvi alimpigia honi. Hasira ilikuwa bado ipo, iko kifuani mwake palepale, lakini ilikuwa imekaa vibaya, kama abiria aliyepanda gari lisilo lake.

Kianda, mbele ya ukuta wa mawe karibu na chumba chake, Mbuvi aliegemeza lori taratibu, akavuta kamba ya kuzimia. Injini ilikohoa ikanyamaza. Kitu fulani chini kilikuwa kinanukia kuungua.

"Ngozi ya klachi," Osewe alisema, akishuka. "Umeila yote."

"Umeitia rangi kinyume."

"Sawa."

"Jumatatu injini inatoka. Mimi na Mutunga tutaitoa. Wewe utakuja na ngozi nyingine na utakaa kando."

"Nitakaa kando."

"Hutagusa."

"Sitagusa. Ila nikiona umeiweka kinyume?"

Mbuvi alifikiri. "Utaniambia," alisema. "Na nikikataa, utaniambia tena."

Osewe alivaa shati lake la matope, likiwa limelowa mgongoni, akaanza kutembea kuelekea Kisumu Ndogo. Alikuwa ameshafika kwenye kona Mbuvi alipoona alama za viatu vyake kwenye kikanyagio cha kushoto, udongo mwekundu wa Kawangware umeganda hapo, mahali Wanza alipokuwa akikanyaga.

"Na umenichafulia lori," alimpigia kelele.

Osewe hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, akakata kona. Mbuvi alienda ndani kutafuta kitambaa, akarudi nacho, akasimama nacho mkononi mbele ya kikanyagio, na hakufuta.